Wanazima kipokezi huku wanamchoma kichochezi cha ukuaji, je wanajipinga?

Kuna msomaji kaniandikia swali ambalo nimelisoma mara tatu, manake ameuliza kitu ambacho hata wanafunzi wangu wa maabara huwa kinawachanganya, na nimeona nikijibu kwa mistari miwili nitakuwa sijamtendea haki. Anasema dada yake ana kansa ya titi, majibu ya kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa kupimwa) yamerudi HER2 chanya, yaani seli za uvimbe zina kipokezi kiitwacho HER2 kupita kiasi, kwa hiyo anapata kemo pamoja na dripu ya trastuzumabu ambayo wameelezwa kazi yake ni kuziba kipokezi kinachofanya seli zikue. Sasa kila baada ya kemo dada anachomwa na sindano nyingine tumboni, filgrastimu, na huyu msomaji, kaka yake, akafungua ile karatasi ya ndani ya boksi akasoma kwamba dawa hiyo ni kichochezi cha ukuaji. Akashtuka. Anauliza: "Dokta, si ndo hivi vichochezi tunavyoambiwa vinalisha kansa? Mbona mkono mmoja wanazima, mwingine wanawasha? Nimwambie aache hiyo sindano?"

Nianze na jibu fupi usije ukakaa roho juu mpaka mwisho: asiache. Asiruke hata dozi moja kabla hajaongea na daktari wake. Lakini wasiwasi wako una msingi, ndugu yangu, umeunganisha mambo mawili ambayo kweli yanahusiana, kilichokukwaza ni jina tu.

Kichochezi cha ukuaji ni jina la ukoo mkubwa sana, kama unavyoweza kusikia "homoni" ukadhani ni kitu kimoja kumbe insulini na adrenalini hazifanani hata kidogo kwa kazi. Ni protini ndogondogo ambazo seli moja inazitoa na seli nyingine inazisikia. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa gawanyika, au komaa, au hama, au usife bado. Na kuna wengine kwenye ukoo huohuo ambao kwa seli nyingi za mwili ujumbe wao ni simama, usigawanyike tena, TGF-beta ni mfano mzuri, kwahiyo hata neno "ukuaji" humo ndani linadanganya kidogo. Kitu cha kushika ni hiki: protini hizi haziwezi kufanya chochote kwa seli isiyo na kipokezi chake. Seli isiyo na sikio la sauti hiyo haisikii kitu, hata uimwagie lita nzima.

Haya tumeyajuaje? Hapa naomba univumilie nikurudishe nyuma, manake historia yenyewe ndo inaeleza swali lako vizuri kuliko mchoro wowote.

Kulikuwa na mwanasayansi Mwitaliano, Rita Levi-Montalcini, Myahudi, ambaye sheria za kibaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilimfungia milango ya chuo kikuu, akaendelea na utafiti chumbani kwake, anachunguza neva kwenye viinitete vya kuku. Baada ya vita akaenda Marekani, Washington University mjini St. Louis. Kule yakafanyika majaribio ya kupandikiza uvimbe wa kansa ya panya kwenye kiinitete cha kuku, na akaona neva za kuku zinakua kwa fujo kuelekea kwenye uvimbe, hata sehemu ambazo hazigusani nao moja kwa moja. Akasema huu uvimbe unatoa kitu, kuna kitu kinatoka humu kinasafiri. Angalia hapo, kichochezi cha kwanza kabisa kufuatiliwa namna hii kilianza kuonekana kwenye uvimbe wa kansa. Mambo haya mawili yamekuwa pamoja tangu siku ya kwanza, kwahiyo hofu yako sio ya ajabu.

Mwaka 1953 akajiunga naye mkemia, Stanley Cohen, kijana wa Brooklyn, kazi yake ikiwa kukisafisha hicho kitu kijulikane ni nini. Wakatumia sumu ya nyoka kama kimeng'enya cha kuvunjia vitu vingine, wakashangaa sumu yenyewe imejaa hicho kichochezi cha neva kuliko hata uvimbe! Cohen akafikiri, kama tezi ya sumu ya nyoka inacho, basi tezi za mate za panya nazo zijaribiwe, na kweli zikawa nacho kingi mno. Ndipo ikaja ile sehemu ninayoipenda kuliko zote. Alipowachoma vitoto vya panya waliozaliwa karibuni na ule mchuzi wa tezi za mate, vilifumbua macho mapema. Kawaida panya hufumbua macho akiwa na siku 12 hadi 14 hivi, hawa walifumbua siku ya 6 au ya 7, na meno nayo yakatoka mapema. Mtu mwingine angesema sawa, labda dawa imechafuka, tuendelee na neva zetu. Cohen hakuendelea. Aliona kwamba kichochezi cha neva kikisafishwa vizuri hakifanyi hivyo, maana yake humo kwenye mchuzi kuna kitu cha pili, akakifuata hicho cha pili hadi Vanderbilt kule Nashville alikohamia mwaka 1959, na mwaka 1962 akachapisha kazi ya kukitenga. Macho yalikuwa yanafumbuka mapema kwa sababu ngozi ya juu ya kope ilikuwa inakua na kukomaa haraka. Kwahiyo kikaitwa kichochezi cha ukuaji wa ngozi ya juu, kwa kifupi EGF, protini kadogo ka asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 53 tu.

Mimi naona ule uamuzi wa kutokupuuza macho ya panya ni moja ya mambo makubwa kwenye utafiti wa kansa, na wakati ule kansa haikuwa hata swali lake.

Halafu akauliza swali ambalo ndo linatuleta kwa dada yako: hiki kitu kikifika kwenye seli kinagonga wapi? Miaka ya 1970 yeye na Graham Carpenter wakaonyesha kwamba juu ya seli kuna mahali maalum kinapokaa, kipokezi. Kwa majaribio mengine walitumia seli zinazoitwa A431, zilizotoka kwenye kansa ya binadamu, na seli hizi zina vipokezi vya EGF kama milioni 2 na zaidi kwa seli moja, wakati seli za kawaida zina makumi elfu au laki moja hivi. Fikiria hapo, seli moja ina masikio mara ishirini ya jirani yake. Wakagundua EGF ikikaa kwenye kipokezi, upande wa ndani wa kipokezi unaanza kubandika fosfati kwenye protini, na mwaka 1980 ikajulikana zinabandikwa kwenye asidi amino inayoitwa tairosini. Hiyo fosfati ni kama mtu aliyebonyeza kengele: ndani ya seli inaanza kupokezana ujumbe kutoka protini hii kwenda ile mpaka kwenye kiini ambako jeni za kugawanyika zinawashwa. Mwaka 1986 Cohen na Levi-Montalcini wakapewa Nobel ya tiba.

Sasa kansa inaingiaje. Mwaka 1984 kundi la Mike Waterfield kule London lilikuwa linasoma mpangilio wa asidi amino wa kipokezi cha EGF, wakakuta unafanana sana na jeni ya kirusi kimoja kinachowapa kuku kansa ya damu. Na toleo la hicho kirusi lilikuwa limekatwa sehemu kubwa ya nje, ile inayoshika EGF. Yaani ni kengele ya mlango ambayo kitufe kimeng'olewa na waya zikagusana, inalia usiku kucha na mlangoni hakuna mtu. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeonekana kirusi kingine, cha nyani, kinaifanya seli ijitengenezee yenyewe kichochezi kama kile cha chembe sahani (zile chembe za kugandisha damu), ikawa inajiambia kua, kua, kua.

Hapa ndo napenda utulie kidogo. Watu wengi wanafikiri kansa ni kama magugu na vichochezi ni mbolea, ukipunguza mbolea magugu yanakufa, ukiongeza yanashamiri. Mara nyingi haiko hivyo. Seli ya kansa hitilafu yake iko kwenye kusikia. Inasikia amri ambayo haijatolewa, au inasikia mnong'ono kama ni kelele, na haisikii ikiambiwa basi. Ukishaelewa hivyo utaona kwamba swali la maana kwa kila mgonjwa ni kwenye seli za uvimbe wake ni sikio lipi limeharibika, na ndo maana wanachukua kinyama na kukipima kabla ya kuchagua dawa.

Kwa dada yako sikio lililoharibika ni HER2, ndugu wa karibu wa kipokezi cha EGF. Kwenye seli ya kawaida jeni ya HER2 zipo nakala mbili. Kwenye uvimbe ulio HER2 chanya nakala zimejirudia zikawa nyingi, vipokezi vinajazana juu ya seli mpaka vinagusana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwashana. Na HER2 ina jambo la pekee, mpaka leo hakuna kichochezi kinachojulikana kinachokaa juu yake moja kwa moja, inafanya kazi kwa kuungana na ndugu zake. Kwahiyo hata ungeondoa kila kichochezi mwilini, HER2 iliyojazana namna ile inaweza kuendelea kupiga kelele. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wanawake ambao uvimbe wao una nakala nyingi za jeni hii ugonjwa wao ulikuwa unarudi mapema zaidi na wanaishi muda mfupi zaidi, yalikuwa majibu mabaya sana kupokea. Mwaka 1998 trastuzumabu ikaidhinishwa Marekani, ni kingamwili (protini ya kinga ya mwili) kilichotengenezwa maabara kinachoshika HER2 kwa nje, kinapunguza ile kelele na pia kinawaita askari wa kinga ya mwili waje kuishambulia hiyo seli. Majaribio yaliyotoka mwaka 2005 kwa wanawake waliogundulika mapema yalionyesha inapunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Nusu, ndugu yangu. Majibu yale yale ya HER2 chanya ambayo zamani yalimvunja mtu moyo, leo yanamfungulia dawa ambayo mwenye HER2 hasi haimsaidii.

Haya, tuje kwenye sindano ya tumboni.

Filgrastimu ni kichochezi kingine kabisa, kinaitwa G-CSF, na hakikai kwenye HER2, hakikai kwenye kipokezi cha EGF, kina kipokezi chake ambacho kwa sehemu kubwa kiko kwenye ukoo wa chembe nyeupe za damu zinazotengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Ukoo huu wa CSF, vichochezi vya chembe za damu, ulifuatiliwa na mtu mmoja ninayemheshimu sana, Donald Metcalf wa Melbourne, Australia. Katikati ya miaka ya 1960 yeye na Ray Bradley waliona seli za uboho zinaweza kuota vikundi vikundi kwenye jeli ya maabara, lakini zinataka kitu fulani zipewe, zisipopewa zinakufa. Metcalf akatumia miaka mingi sana kuvitafuta hivyo vitu, na yeye kiini cha swali lake kilikuwa kansa ya damu. Dawa yenyewe, filgrastimu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1991.

Kwa nini dada anaihitaji? Kemo inaua seli zinazogawanyika haraka, haiulizi ni ya kansa au ya uboho. Chembe nyeupe za mstari wa mbele, nyutrofili, maisha yake ni mafupi mno, mwili unatengeneza makumi ya mabilioni kila siku, kwahiyo uboho ukipigwa na kemo, baada ya wiki moja hadi mbili hivi hesabu yake inashuka chini kabisa na bakteria ambaye siku nyingine asingemfanya kitu anaweza kumuua ndani ya siku chache. Filgrastimu inauambia uboho: tengeneza nyutrofili, haraka. Utaona pia hawamchomi siku hiyohiyo ya kemo, wanasubiri angalau saa 24, na sababu ni nzuri: ukiziamsha seli za uboho zigawanyike wakati kemo bado iko kwenye damu umezipeleka zikauawe. Yale maumivu ya mifupa ambayo pengine dada anayalalamikia kiunoni na mgongoni ni uboho unafanya kazi, amwambie daktari wake, yana dawa.

Sasa utaniuliza, tuna uhakika gani kwamba haipitii pembeni ikalisha kansa ya titi? Swali zuri na lina jibu la kweli, tena kwa wagonjwa wa kansa hiyohiyo. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani la wanawake karibu 2000 wenye kansa ya titi iliyofika kwenye tezi za kwapa. Wengine walipewa kemo kila wiki 3 kama kawaida, wengine kila wiki 2, na hao wa wiki 2 walichomwa filgrastimu kila mzunguko kwa sababu bila hiyo uboho usingewahi kupona kwa muda huo. Kama kichochezi hiki kingekuwa kinalisha kansa ya titi, hao ndo wangeumia. Ikawa kinyume, hao ndo ugonjwa wao ulirudi kidogo zaidi na waliishi zaidi.

Sitakuficha upande wa pili. Karatasi za dawa hizi za kundi la G-CSF zina onyo kwamba kwa wagonjwa wa kansa ya titi na ya mapafu waliotumia pamoja na kemo au mionzi kumeonekana ongezeko la magonjwa ya uboho na kansa ya damu miaka ya baadaye. Ni wachache, na ni vigumu kutenganisha na kemo yenyewe kwa sababu kemo peke yake inajulikana kuleta hilo. Lakini lipo, na ukiniuliza kama ningekuwa mimi ndo kaka mtu, ningechagua hatari hiyo ndogo ya mbele kuliko hatari ya maambukizi ya wiki ijayo, na pia ningeogopa kemo kucheleweshwa au dozi kupunguzwa, manake hapo kansa ndo inapata nafasi. Nimewahi kuona familia moja waliacha hizi sindano kimyakimya kwa hofu hiihii, mgonjwa akapata homa kali, akalazwa, mzunguko uliofuata ukasogezwa wiki kadhaa. Waliifanya kwa upendo kabisa, ndo kinachoniuma.

Na pengine utauliza, mbona basi hawazimi vichochezi vyote yaishe? Hawawezi, kwa sababu mwili mzima unaishi kwa sauti hizi. Dawa zinazozima kipokezi cha EGF, kwa mfano zile za kansa ya mapafu, zinamletea mgonjwa vipele usoni kama chunusi na kuharisha, kwa nini? Kwa sababu ngozi na utumbo vinajitengeneza upya kila siku kwa kusikia EGF, ni zile zile kope za panya za Cohen, safari hii kinyume chake. Dawa zinazozima kichochezi cha mishipa ya damu zinapandisha presha na kuchelewesha vidonda kupona. Na trastuzumabu ya dada yako, misuli ya moyo nayo inaitumia HER2 kujilinda, ndo maana anatakiwa apigwe eko ya moyo (picha ya ultrasaundi inayoonyesha moyo unavyopiga) kabla ya kuanza na kurudiwa kila baada ya miezi kama 3. Wengi wanaopata shida ya moyo kwa dawa hii hali yao hurudi nzuri ikisimamishwa mapema, ila mpaka mtu awe amepima.

Jambo jingine ni kwamba kansa inajifunza. Ukiziba sikio moja inaweza kufungua jingine, au waya wa ndani ukakwama kwenye kuwaka, kama inavyotokea na jeni ya KRAS kwenye kansa ya utumbo mpana, hapo hata uzibe kipokezi cha EGF huko juu haisaidii kitu. Ndo maana wakati mwingine ugonjwa ukirudi madaktari wanataka kinyama kingine kipya, na familia zinachoka, zinasema si mlishapima. Wanatafuta sikio la sasa hivi ni lipi.

Kwahiyo kwa dada yako, fanya haya. Muulize daktari tarehe ya eko ya mwisho na ya inayofuata, iandikeni. Msimuongezee unga wala sindano yoyote ya mtaani inayojitangaza ina vichochezi vya ukuaji, hata muuzaji aape, manake hizo hakuna aliyezipima kwa mtu mwenye HER2 chanya. Zile filgrastimu zikae kwenye friji ila zisigande. Na nunueni kipimajoto kama hamna. Kuanzia siku ya 7 baada ya kemo mpimeni asubuhi na jioni, na muda wowote akijisikia baridi au kutetemeka. Ikifika 38 msimpe panadol kwanza mkasubiri kuona, manake inashusha namba na tatizo linabaki palepale, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mlangoni semeni kabla ya kitu kingine chochote kwamba yuko kwenye kemo.